Namna ya kufuatilia nani anamiliki nini kati ya Marekani na Ulaya, ukiwa umekaa zako Mbeya

Mwezi wa saba 2025 kahawa ya Mbozi ndo imekolea, watu wako shambani wanachuma, afu redioni habari ni moja tu, Trump na Ulaya wanatunishiana misuli kuhusu ushuru. Mjomba wangu wa kule Vwawa akakaa kijiweni akawasikiliza wachambuzi (mnawajua, kila kijiwe kina wawili watatu), wakamwambia mzee hawa wakubwa wanaachana, biashara yao inakufa, Ulaya hawatakuwa na hela ya kunywa kahawa, uza chapchap. Akauza kahawa mbivu, ile haijakobolewa, kwa mlanguzi aliyekuja na bodaboda na mizani yake mwenyewe, bei ya kutupa. Tarehe 27 mwezi huohuo Trump na Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Umoja wa Ulaya, wakakutana Turnberry, Scotland, kwenye uwanja wa gofu wa Trump mwenyewe, wakakubaliana ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya zinazoingia Marekani, wakashikana mikono, basi. Mwezi wa nane bei ya kahawa New York ikapaa. Ilipaa kwa sababu nyingine kabisa, tutafika huko, ila mjomba alikuwa kashauza.

Sasa simcheki mjomba. Mtu akisikia "vita ya kibiashara" anaona meli mbili zinagongana baharini, hata mimi nilikuwa naona hivyohivyo mpaka nilipoanza kufuatilia mwenyewe kwa simu, jioni nikishafunga duka. Nawaandikia namna ninavyofanya. Haihitaji digrii, inahitaji bando, kalamu na kitu chochote ambacho tayari unacho nyumbani.

Kwanza kabisa toa picha ya meli kichwani

Chukua Mkinga wa Makete. Ukitaka kupima utajiri wa Wakinga ukasimama barabarani ukahesabu malori ya viazi yanayotoka Makete kuja Mbeya, jioni utasema aah hawa ni wakulima wa kawaida tu. Haya, sasa nenda Mwanjelwa, nenda Makambako, nenda mpaka Kariakoo uulize hili duka la nani, spea hizi za nani, gesti hii kajenga nani. Hapo ndo utanyamaza. Mkinga utajiri wake hakuupakia kwenye lori ukaisha, ameenda nao hukohuko, amefungua duka, ameajiri, watoto wanasoma hukohuko, na siku halmashauri ikipandisha ushuru wa viazi kizuizini lori litalalamika lakini lile duka la Kariakoo halifungi.

Marekani na Ulaya wako hivyohivyo. Malori wanayo, tena mengi: mwaka 2024 bidhaa na huduma zilizouzwa kati ya Umoja wa Ulaya na Marekani zilifika yuro trilioni 1.68 hivi, ambayo hata kuiandika kwa shilingi mtu unachoka. Ila maduka ndo balaa. Mwaka 2022 mali ambayo makampuni ya pande mbili yamewekeza kwa mwenzake ilihesabiwa kuwa zaidi ya yuro trilioni 5. Na hii haikuanza jana, Henry Ford mwenyewe alienda Cologne, Ujerumani, mwaka 1930 kuweka jiwe la msingi la kiwanda cha magari, meya aliyesimama naye siku hiyo ni Konrad Adenauer ambaye baadae ndo akaja kuwa kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. General Motors walinunua Opel 1929 wakakaa nayo mpaka 2017. Yani wamepitia anguko la uchumi, wamepitia vita kuu ya pili wakiwa pande mbili zinazopigana, na viwanda bado vikabaki na wenyewe.

Tahadhari hapa mana wengi wanateleza: usichukue ile trilioni 1.68 ukailinganisha na ile 5 ukasema uwekezaji ni mara tatu ya biashara. Moja ni mauzo ya mwaka mmoja, nyingine ni thamani ya duka zima lilivyojengwa miaka na miaka. Ni kama kulinganisha mauzo yako ya mwezi na bei ya nyumba yako. Ukitaka kulinganisha vizuri, tafuta mauzo ya matawi, yani viwanda na ofisi za Kimarekani zilizoko Ulaya zimeuza kiasi gani hukohuko kwa mwaka, afu ndo uweke pembeni ya zile bidhaa zilizovuka bahari. Utakuta mauzo ya matawi yanaziacha mbali bidhaa zilizovuka. Hilo ndo jambo ambalo redio haisemi, kwa sababu tawi likiuza hakuna kontena linalopigwa picha bandarini.

Anza na chupa

Njia rahisi kuliko zote, nenda baa yoyote hapa mjini, agiza Safari au Castle Lite (au nunua soda kama umeokoka, tutakuja kwenye soda). Bia hizo ni za TBL, na TBL wana kiwanda hapahapa Mbeya. Sasa uliza swali moja tu mpaka likufikishe mwisho: huyu ni wa nani?

TBL iko soko la hisa la Dar tangu 1998, kwa hiyo ripoti zake za mwaka ziko wazi, unashusha pdf bure. Usisome kurasa za mbele zenye picha za watu wanatabasamu. Nenda nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, kuna mahali wanataja wenye hisa kubwa na kampuni mama ya mwisho kabisa. Ripoti ni za Kiingereza kwa hiyo ukifungua pdf tafuta neno "ultimate", itakupeleka palepale. Utakuta mwenye hisa nyingi ni kampuni ya Uholanzi yenye herufi B.V. mwishoni. Usiishie hapo, huyo sio mwenye mali, huyo ni mfuko wa koti. Mwenye koti ni AB InBev, wako Leuven, Ubelgiji.

Na huyo AB InBev mwenyewe ni nani? Fuatana na mimi polepole. Mwaka 1993 serikali yetu iliuza hisa za TBL kwa SAB ya Afrika Kusini. SAB wakahamishia makao London 1999. Mwaka 2002 wakanunua Miller, bia ya Milwaukee kule Marekani, jina likawa SABMiller. Upande mwingine Wabelgiji wa Interbrew wakaungana na Wabrazili wa AmBev 2004, ikaitwa InBev, afu 2008 hao InBev wakainunua Anheuser-Busch ya St. Louis, wenye Budweiser, kwa dola bilioni 52. Wamarekani walinuna sana kipindi kile, Budweiser ni kama bendera yao. Halafu 2016 AB InBev wakaimeza SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100, na Miller ikabidi iuzwe kwa Molson Coors ili wadhibiti wa ushindani waridhike.

Kwa hiyo ile chupa ya kiwanda cha Mbeya, hela yake ukiifuata inapita Uholanzi, inafika Ubelgiji, na ikifika kule inakutana na hela ya Budweiser ya Missouri kwenye kikapu kimoja. Hisa za hicho kikapu zinauzwa Brussels na New York. Sasa niambie, hiyo kampuni ni ya Ulaya au ya Marekani? Ukitaka kugombana na mtu kijiweni muulize hilo swali.

Soda nayo haraka haraka. Coca-Cola Kwanza wana kiwanda Mbeya, wako chini ya Coca-Cola Beverages Africa, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya Coca-Cola wenyewe wa Atlanta. Oktoba 2025 wao na mwenye hisa mwenzao wakatangaza makubaliano ya kuuza asilimia 75 ya hiyo kampuni kwa Coca-Cola HBC, ambao makao yao ni Zug, Uswisi, na hisa zao ziko London na Athens. Jina kwenye chupa ni lilelile, mwenye kreti anavuka Atlantiki.

Chai ya Mufindi ndo naipenda zaidi. Wazee wa Mafinga mpaka leo wanasema "Brooke Bond" hata kama kibao kimebadilishwa mara ngapi. Unilever, wakati huo kampuni ya Uingereza na Uholanzi, waliinunua Brooke Bond 1984. Mwaka 2022 Unilever wakauza sehemu kubwa ya biashara yao ya chai, Lipton na ndugu zake, kwa yuro bilioni 4.5 kwa mfuko unaoitwa CVC. Sasa ukiigugo CVC unaambiwa ni mfuko mkubwa wa uwekezaji wa Ulaya, sawa, ila chimba kidogo: CVC ni kifupi cha Citicorp Venture Capital, ilianza 1981 kama mkono wa Ulaya wa benki ya Kimarekani ya Citicorp, mameneja wakaja kujinunua 1993. Yani hata "mfuko wa Ulaya" ukiukuna unakuta rangi ya Marekani chini.

Na kama hunywi bia, soda wala chai, basi kumbuka ile sindano ya korona ya dozi moja ya 2021. Dozi zaidi ya milioni moja zilifika Tanzania mwezi wa saba zikitoka Marekani, tukaambiwa chanjo ya Wamarekani, Johnson & Johnson. Kweli, ila maabara iliyoitengeneza iko Leiden, Uholanzi, ilikuwa kampuni inaitwa Crucell mpaka J&J walipoinunua 2011, na jina Janssen ni la daktari wa Kibelgiji, Paul Janssen, ambaye kampuni yake J&J waliichukua 1961. Na wenzao wa Pfizer chanjo yao ni ya BioNTech wa Mainz, Ujerumani. Hapo hakuna lori la kuhesabu, kuna vichwa vya watu na hatimiliki.

Makaratasi ya kufungua

Ukishazoea chupa, nenda kwenye makaratasi yenyewe. Kampuni za Kimarekani zilizoko soko la hisa zinalazimika kupeleka ripoti ya kila mwaka kwa mamlaka yao ya masoko, SEC, fomu inaitwa 10-K. Za nje zenye hisa New York, kama AB InBev, zinapeleka 20-F. Zote ziko kwenye mfumo unaitwa EDGAR, bure, hawakuombi hata imeili. Uingereza wana Companies House, nayo bure, utaona mpaka majina ya wakurugenzi. Kwenye hizo ripoti usihangaike na kila kitu, utazeeka. Tafuta jedwali la mapato kwa eneo na jedwali la mali kwa eneo. Kampuni ikikuambia ni ya Marekani halafu robo ya mauzo yake yako Ulaya, umeshapata jibu lako.

Kama unataka picha ya nchi nzima sio kampuni moja, BEA ndo ofisi ya takwimu za uchumi ya Marekani na Eurostat ni ya Ulaya. Hapo kuna mtego ambao ulinikamata mimi wiki nzima. Utafungua jedwali la uwekezaji wa Marekani nje, utakuta Uholanzi iko kati ya zile za juu kabisa, Luxembourg, nchi ndogo kuliko wilaya zetu kadhaa, nayo iko juu, Ireland yenye watu milioni 5 ina uwekezaji wa Kimarekani mwingi kuliko China nzima. Utasema haa, Wamarekani wanajenga nini Luxembourg? Hawajengi kitu pale. Wanasajili kampuni hodhi, ile mifuko ya koti niliyosema, hela inalala pale usiku mmoja kwa ajili ya kodi afu asubuhi inaenda zake Ujerumani, Ufaransa, hata huku kwetu, kama ulivyoona ile B.V. ya bia. Ireland wana vyote viwili, viwanda vya dawa vya kweli vyenye watu wa kweli, na pia hesabu za makaratasi. Kwa hiyo ukiona jedwali la uwekezaji, pembeni yake fungua jedwali la ajira. Mfuko wa koti hauajiri mtu, kiwanda kinaajiri. Wanaofuatilia hizi hesabu wanakadiria ajira milioni 16 hivi zinategemea huu uhusiano pande zote mbili za bahari, na hizo huwezi kuzisajili kwenye sanduku la posta.

Huduma, ambazo hakuna anayeziona

Mwaka 2024 Ulaya iliuzia Marekani bidhaa nyingi kuliko ilizonunua, tofauti kama yuro bilioni 198, hiyo ndo Trump anaipigia kelele. Ila kwenye huduma Marekani ndo walikuwa mbele kwa bilioni 148 hivi. Toa, inabaki 50. Kwenye biashara ya trilioni 1.68 hiyo ni kama asilimia 3, yani watu wanagombania chenji ya daladala. Huduma ni programu za kompyuta, matangazo ya mtandaoni, leseni, benki, ushauri. Na hata hiyo 148 haisemi yote, kwa sababu Google na Meta makao yao ya Ulaya yako Dublin, Mjerumani akilipia tangazo analipa Ireland, kwenye takwimu inasomeka Mjerumani kanunua kwa Mwairishi. Mkinga mwingine huyo, yuko dukani Kariakoo, viazi hajabeba.

Kusoma habari ya ushuru bila kuuza kahawa kwa hofu

Habari ikitoka kwamba fulani kampiga fulani ushuru, mimi najiuliza hiki kitu kinachovuka mpaka ni cha nani akiwa upande huu, na cha nani kikifika upande ule? Mara nyingi sana ni mtu mmoja. BMW wana kiwanda Spartanburg, South Carolina, tangu 1994, na kwa wingi wa magari ndo kiwanda chao kikubwa kuliko vyote duniani, kikubwa kuliko vya Ujerumani. Hizo X5 mnazoziona zinapita Mafiati zimefungwa vioo, zimetoka huko. Injini zinatoka Ulaya zinaenda Spartanburg, gari likikamilika linapakiwa linauzwa nje, mengine yanarudi Ulaya. Sasa Marekani wakipandisha ushuru wa vipuri wanampiga nani? Wanampiga Mjerumani aliyeajiri maelfu ya Wamarekani, anayejiuzia injini mwenyewe. Ulaya wakijibu kwa ushuru wa magari kutoka Marekani wanaipiga BMW yao. Ndo mana hizi vita zinaanza kwa kelele zinaishia kwenye meza. Ulaya na Marekani walishtakiana kuhusu watengeneza ndege wao, Airbus na Boeing, tangu 2004, miaka 17, mpaka Juni 2021 wakasimamisha ugomvi, na katikati hapo Airbus walikuwa wameshafungua kiwanda Mobile, Alabama, ndani ya nyumba ya adui.

Usinielewe vibaya, ushuru unaumiza. 2018 Marekani walipopiga chuma asilimia 25 na aluminiamu 10, Ulaya wakajibu kwa pikipiki za Harley-Davidson, jinzi na wiski ya bourbon, watu walipoteza hela kweli. Na yale mazungumzo ya mkataba mkubwa wa biashara huria yaliyoanza 2013 yalikwama 2016 hayajafufuka. Ninachosema ni kwamba ukisikia "wameachana" jua wana watoto, wana nyumba, wana mkopo wa pamoja, hata kuachana kwenyewe kutachukua muda, kahawa yako itakuwa imeshauzwa na hela imeshaliwa.

Sasa kahawa yenyewe

Hapa ndo nilitaka kufika na mjomba. Bei ya kahawa aina ya arabika duniani inapangwa soko la New York, ya aina ya robusta inapangwa London. Watu wanadhani ni masoko mawili ya nchi mbili. Yote ni ya kampuni moja, ICE ya Atlanta, ambao 2013 walinunua kundi lenye soko la hisa la New York na ndani yake likaja soko la London. Afu cha kuchekesha, kahawa ya akiba inayolinda bei ya New York, ile iliyokaguliwa ikawekwa ghalani, sehemu kubwa iko Antwerp, Ubelgiji. Bei iko Marekani, magunia yako Ulaya. Na kahawa ya Tanzania ni kati ya zile zinazopokelewa pale bila punguzo wala nyongeza, kwa hiyo sio mambo ya watu wengine haya.

Wanunuzi wakubwa nao ni walewale wa kuoana. 2018 Nestlé wa Uswisi waliwalipa Starbucks wa Seattle dola bilioni 7.15 wapate haki ya kuuza kahawa ya Starbucks kwenye pakiti. Agosti 2025 Keurig Dr Pepper wa Marekani wakatangaza kuinunua JDE Peet's ya Amsterdam kwa yuro bilioni 15.7, na hiyo Peet's iliyo kwenye jina ilizaliwa California, yani inarudi nyumbani kupitia Uholanzi. Kijiweni wanasema wameachana, na mwezi huohuo wanavishana pete ya bilioni 15.

Namna ya kugeuza bei: New York wanataja senti za dola kwa ratili moja, na kilo moja ina ratili 2.2046. Kwa hiyo ukiona 300, zidisha kwa 2.2046 unapata senti 661, ni dola 6.61 kwa kilo. Tuseme dola ni shilingi 2,500 (weka ya siku hiyo), unapata kama shilingi 16,500. Ikifika 400, kama ilivyozidi hapo Februari 2025, ni kama 22,000. Ila hiyo ni kahawa safi iliyokobolewa na kuchambuliwa, iko bandarini. Mbivu ni habari nyingine, kilo 6 hivi za mbivu ndo zinatoa kilo moja ya kahawa safi, halafu toa kuosha, kukausha, kukoboa, usafiri wa kwenda bandarini, makato ya AMCOS, ushuru wa halmashauri, na daraja la kahawa yako linaweza kuongeza au kupunguza. Gawa kwa 6 uone, halafu punguza hayo. Ukimaliza hesabu hiyo na mlanguzi anakutajia nusu yake, unajua umesimama na nani.

Na ile Agosti 2025? Marekani walimpiga Brazil asilimia 50, kahawa ikiwemo. Brazil ndo mkulima mkubwa kuliko wote na Marekani ndo mnywaji wake mkubwa, kwa hiyo wakaangaji wa Kimarekani wakaanza kugombania kahawa ya wengine, mizigo ya Brazil ikageukia kwingine, Ulaya ikiwemo, na bei ikapanda hivyo. Sisi tulikuwa na asilimia 10 tu. Katikati ya Novemba wakaondoa ushuru wa nyongeza kwenye kahawa, chai, kakao na ndizi kwa nchi nyingi, siku chache baadae na kahawa ya Brazil nayo ikaachiwa. Ugomvi wa Ulaya aliousikia mjomba haukugusa gunia lake hata moja, uliomgusa ulikuwa wa Brazil, na ulikuwa unamletea hela.

Wa Kyela mimi sio mtu wa kakao ila kanuni ni ileile, tena kwenu kuna bei mbili, London wanataja paundi kwa tani, New York dola kwa tani, badilisha paundi kuwa dola utaona zinafuatana kama ng'ombe na ndama, zikiachana sana kuna wafanyabiashara wanazirudisha. Bei iliyovuka dola 12,000 Desemba 2024 ilikuwa ya New York, na 2025 ikaanguka karibu nusu, kwa hiyo mtu akikutajia "bei ya dunia" muulize ya lini.

Muda nao. Msimu wetu wa kuchuma unaangukia majira yao ya joto, soko la arabika New York linafunga saa 2 na nusu usiku kwa saa zetu. Ikifika mwezi wa kumi na moja saa zao zinarudi nyuma, inakuwa saa 3 na nusu. Kwa hiyo usiangalie saa 10 jioni ukadhani hiyo ndo bei ya leo, bado wanapigana mnada. Mimi naangalia saa 3 kasoro nikishakula, nafanya hesabu nyuma ya daftari la madeni, afu nampigia mjomba kabla hajalala, mana akilala simu anazima.